Sinema si Mtumwa wa Kitabu

Muhula uliopita wanafunzi wa shule ninayofundisha hapa Longisa walifanya mdahalo juu ya hoja isemayo, "Sinema huharibu kitabu." Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi, na ukumbi ukajaa makofi. Mimi nilikuwa mtunza saa. Mtunza saa hana ruhusa ya kusema, basi nilinyamaza. Lakini kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali. Leo nimepewa kurasa hizi, na ninazitumia kuwapinga washindi wale. Nasema kuwa hoja yao ilikuwa mbovu, ushahidi wao ulikuwa hafifu, na ushindi wao ulitokana na mazoea ya wasikilizaji, wala haukutokana na ukweli.

Asije mtu akadhani kuwa mimi ni adui wa vitabu. Kitabu ndicho kilichonilea, na chaki ndiyo inayonilisha. Tena nakiri mapema kwamba palikuwa na wakati nilipokuwa katika kundi la washindi wale, nami nilikuwa mkali kuliko wao wote. Kwa hiyo sitaanza kwa makosa yao. Nitaanza kwa makosa yangu.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Nakuru. Kila alipokuja nyumbani aliniletea vijitabu vya katuni vilivyochakaa, alivyonunua kwa wauza vitabu vikuukuu kando ya njia. Vingine havikuwa na jalada. Vingine vilikosa kurasa za mwisho, ikanibidi niutunge mwisho mwenyewe huku nikichunga ng'ombe. Miongoni mwa vijitabu hivyo mlikuwa na visa vya Black Panther, yaani mfalme T'Challa avaaye vazi la chui mweusi, mtawala wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Nchi hiyo, katika michoro, aghalabu huwekwa upande wetu huu wa mashariki ya Afrika. Haikupata kutawaliwa na wageni, na ina utajiri wa madini yasiyopatikana kwingine. Sikuwa nimepata kuona kitabu cha picha ambacho ndani yake Mwafrika hakuwa mpagazi wala mtumishi, bali mfalme na mtaalamu. Nilivisoma vijitabu vile hata nikavijua kwa moyo. Nilijua kila sanduku la picha lilipoanza na lilipoishia.

Mwezi wa Februari 2018 sinema ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilifika Kenya. Onyesho lake la kwanza nchini lilifanywa Kisumu, ambako baba yake Lupita Nyong'o, mmojawapo wa waigizaji wakuu, alikuwa gavana. Siku chache baadaye nilipanda matatu kutoka Longisa, nikapita Bomet, Kaplong, Litein na Kericho, katikati ya mashamba ya majani chai, kisha nikateremka hata tambarare ya Ahero, nikaingia Kisumu. Mfukoni nilikuwa na daftari na kalamu. Watu wengine katika ukumbi walikwenda kufurahi. Mimi nilikwenda kukagua. Sinema ile ni ya saa 2 na dakika 14, na katika muda huo niliandika makosa 23. Nilirudi nyumbani nimejaa ghadhabu, nikamwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka kwamba hadithi yangu imeharibiwa.

Kosa la kwanza katika daftari lilihusu M'Baku, mtu wa milimani anayeshindana na T'Challa. Niliandika: "Hawakumwita kwa jina lake la kitabuni." Kosa la pili lilimhusu Nakia, ambaye sinema ilimgeuza akawa mtu mwingine kabisa. La tatu lilimhusu Killmonger, adui mkuu: katika michoro alilelewa Harlem, mjini New York, wala hakuwa ndugu wa mfalme, katika sinema alilelewa Oakland, California, tena ni mtoto wa baba mdogo wa T'Challa. Baada ya hayo yalifuata mambo ya mavazi, ya silaha, na ya joho ambalo mfalme hakulivaa. Orodha ilikuwa ndefu, nami nilijivuna kwayo.

Mwaka mmoja ukapita. Siku moja darasani tulizungumza juu ya vitabu vilivyogeuzwa kuwa sinema, nami nikawasomea wanafunzi orodha yangu. Nilipomaliza kosa la kwanza, msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, jina lake la kitabuni lilikuwa lipi?"

Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Jina lenyewe ni Man-Ape. Alipewa mwaka 1969, alipotokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 62 la jarida la Avengers, amevaa ngozi ya sokwe mweupe. Kwa Kiswahili maana yake ni Mtu-Sokwe. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 46 wa Kiafrika, nikilalamika kwamba Mwafrika mmoja hakuitwa sokwe. Wachezaji weusi wamerushiwa ndizi na kuigiziwa milio ya nyani katika viwanja vya mpira vya Ulaya, na watoto hao walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao katika televisheni. Msichana alikuwa bado anangoja jibu. Nilimjibu kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka. Akaketi, akasema, "Basi walifanya vizuri, Mwalimu."

Sikuendelea na kosa la pili siku ile.

Haya sasa, tuipime hoja ya mdahalo. Wasemao kwamba sinema huharibu kitabu huchukulia mambo matatu kuwa kweli bila ya kuyathibitisha. La kwanza, kwamba kitabu chenyewe ni kimoja na kamili. La pili, kwamba kazi ya sinema ni kukiiga. La tatu, kwamba kila kilichobadilishwa kimepotea. Yote matatu ni uongo, nami nitayachukua moja baada ya jingine.

Kwanza, kitabu kipi? T'Challa alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani weupe wawili, katika toleo la 52 la jarida la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, kabla miaka mitatu haijatimia tangu Kenya ipate uhuru. Mwaka 1973 alikuja mwandishi Don McGregor akamleta Killmonger, naye aliandika katika jarida lililokuwa bado likiitwa Jungle Action, kana kwamba Afrika yote ni msitu na mikiki. Mwaka 1998 Christopher Priest, mwandishi mweusi, akaleta walinzi wa kike wa mfalme waitwao Dora Milaje. Mwaka 2005 Reginald Hudlin akaleta Shuri, dada wa mfalme. Mwaka 2016 Ta-Nehisi Coates akaanza kuandika, na mchoraji Brian Stelfreeze akachora, naye Coates akawauliza wasomaji kama nchi yenye hekima yapasa kutawaliwa na mfalme hata kidogo. Kila mmoja wao alibadilisha aliyoyakuta. Mtu asemaye, "Sinema na iwe kama kitabu," hana budi aseme ni kitabu cha mwaka gani. Mimi sikuweza kusema. Kitabu nilichokuwa nikikitetea ni vile vijitabu visivyo na jalada alivyoniletea mjomba, na kurasa za mwisho ambazo nilizitunga mwenyewe machungani.

Pili, kuiga si kazi ya sinema. Michoro na sinema ni ndugu wanaofanana sura na kuachana tabia. Katika hadithi ya michoro, msanii huchora mkono ulioinuliwa katika sanduku moja, na mtu aliyeanguka katika sanduku la pili. Pigo lenyewe halikuchorwa. Pigo hulitia msomaji, katika ule uwazi mwembamba ulio kati ya masanduku mawili. Kadhalika msomaji ndiye mwenye saa: akipenda hukaa juu ya picha moja tangu adhuhuri hata alasiri. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, wala haimngojei mtu. Pigo lazima lionekane, sauti lazima isikike, na sauti hiyo ni ya mwigizaji fulani wala si ile uliyomtungia mfalme kichwani mwako. Hili ndilo linalotuuma sisi mashabiki, ila tunaona haya kulitaja. Hatukuibiwa kitabu. Tumeibiwa sauti tuliyoitunga wenyewe. Lakini mwandishi hakutuahidi kwamba sauti hiyo itakuwa ya watu wote.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Karibu na kwetu, Adam Shafi alitunga riwaya ya Vuta N'kuvute, iliyotolewa mwaka 1999, juu ya Zanzibar ya siku za mwisho za ukoloni. Amil Shivji akaigeuza sinema, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Riwaya ile humchukua msomaji siku kadhaa; sinema huchukua kama saa moja na nusu. Yasmin, msichana aliyeozwa mzee asiyempenda, amepewa na mwandishi kurasa nyingi za kufikiri. Sinema haiwezi kupiga picha ya fikira. Inaweza kupiga picha ya uso, ya mlango unaofungwa, ya nuru ya taa ukutani. Mtu akihesabu matukio yaliyoachwa, atayapata mengi. Lakini atakuwa kama mtu aliyealikwa karamu akahesabu sahani za jirani.

Tatu, si kila kilichobadilishwa kimepotea. Tumekwisha kumwona M'Baku. Sinema ilimwachia nguvu zake, kiburi chake na milima yake, ikamwondolea tusi. Winston Duke, aliyemwigiza, alimfanya awe mtu wa heshima na wa mzaha pamoja: anamtisha mgeni kuwa atawalisha wanawe nyama yake, kisha anacheka na kusema kuwa wao hawali nyama. Hapo anayechekwa ni yule mwenye kuamini kwamba Mwafrika wa milimani ni mla watu. Ule mchoro wa zamani hauna mzaha wenye akili kama huo.

Na tumtazame Nakia, kosa langu la pili. Katika michoro ya Priest, Dora Milaje walikuwa wasichana waliotolewa na makabila, wakahesabiwa kuwa wake watarajiwa wa mfalme. Nakia alikuwa mmoja wao. Alimpenda mfalme, akakataliwa, wivu ukamtia wazimu, akawa adui. Huo ndio uaminifu niliokuwa nikiudai! Lupita Nyong'o alipomwigiza, Nakia alikuwa mpelelezi mwenye kazi yake, mtu anayeuona umaskini wa majirani wa Wakanda na kumwambia mfalme usoni kwamba nchi tajiri haina haki ya kujificha. Anampenda mfalme, lakini hakubali kuiacha kazi kwa ajili ya mapenzi. Nawauliza wasichana wanaosoma kurasa hizi: katika wawili hawa, ni yupi ambaye mngependa mwalimu wenu asimame ukumbini kumtetea?

Hapa namkumbuka bibi yangu, ambaye sisi kwa lugha ya Kipsigis tulimwita Kogo. Jioni, tukimenya viazi jikoni, alitusimulia habari za Chemosit, zimwi la hadithi zetu, nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Hakupata kuisimulia hadithi moja kwa namna moja mara mbili. Usiku mmoja mtoto aliyepotea aliokolewa na kaka yake. Usiku mwingine alijiokoa mwenyewe. Mimi, niliyekuwa na tabia ya ukaguzi tangu utotoni, nilimkatiza nikasema, "Kogo, jana hukusema hivyo." Akanijibu, "Jana kaka yako alikuwapo. Leo mko wawili, wewe na dada yako, na usiku ni ule ule." Sikumwelewa. Nilidhani amesahau. Sasa naelewa kwamba alimtazama anayemsimulia, akamwekea katika hadithi kile alichokihitaji ili apite gizani.

Walakini palikuwa na jambo ambalo Kogo hakulibadilisha hata siku moja. Chemosit hakupata kuwa rafiki. Mtoto alipodanganywa kwa wimbo na ile taa ya kinywa, akaifuata, aliponea chupuchupu. Huo ndio uliokuwa mfupa wa hadithi: si kila mwanga unaouona usiku ni moto wa kwenu. Nyama ya hadithi aliikata apendavyo, mfupa hakuuvunja. Basi kipimo changu ni hiki, nacho nimekirithi jikoni wala sikukipata chuoni. Tusiulize, "Wamebadilisha nini?" Tuulize, "Wamebadilisha kwa faida ya nani, na je, mfupa ni mzima?"

Nikikitumia kipimo hicho, sitaiachia sinema ile ipite bila lawama. Wako wasomaji watakaosema kuwa nimeuza uaminifu kwa bei rahisi, kwamba sasa nitasifu kila badiliko. Sivyo. Liko badiliko moja ambalo lingestahili ghadhabu yangu yote ya mwaka 2018, nalo ni la Everett Ross. Katika michoro ya Priest, Ross ni mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, mtu wa kuchekesha aliyezidiwa na mambo, na msomaji humcheka kwa kuwa mara nyingi haelewi anayoyaona. Sinema ilimfanya kuwa jasusi wa CIA, kisha ikampa nafasi ya ushujaa: mwishoni anaendesha chombo cha anga kwa mbali na kuziangusha ndege zinazobeba silaha kutoka Wakanda. Mtazamaji anashangilia. Killmonger, aliyeuliza kwa nini nchi yenye nguvu iliwaacha watu weusi wa dunia wateswe, anakufa. Jasusi anakwenda nyumbani na heshima zake.

Kwa mtazamaji wa Atlanta huenda hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza jinsi shirika hilo lilivyopanga kumwua Patrice Lumumba wa Kongo kwa sumu. Lumumba aliuawa Januari 1961 kwa mikono mingine, lakini njama ilikuwapo, na maandishi yake yapo. Kuchukua mtu wa kuchekwa, kumpa kazi katika shirika hilo, na kumfanya mwokozi wa nchi ya Kiafrika, ni badiliko kwa faida ya nani? Nakiri, ili niwe mwadilifu, kwamba sinema yenyewe inasema, kwa kinywa cha Ross huyo huyo, kuwa Killmonger alifundishwa na jeshi la Marekani kuua watu na kuangusha serikali. Nakiri pia kwamba T'Challa mwishowe anakubali nusu ya hoja ya adui wake, akaifungulia dunia milango ya Wakanda. Hata hivyo, mfupa wa hadithi ni nchi iliyojilinda yenyewe bila ya mlezi wa kigeni, na hapo naona mfupa uliingia ufa.

Sasa sikieni aibu yangu. Katika makosa yangu 23, hilo halikuwamo. Niliandika juu ya joho. Niliandika juu ya Harlem na Oakland. Nilililia tusi lililoondolewa, nikampigia makofi jasusi pamoja na wenzangu. Hiyo ndiyo hasara ya kupima sinema kwa rula ya kitabu: macho hukazana na pindo la nguo, na mwizi akapita mlangoni amenyoka. Ndiyo sababu nasema hoja ya mdahalo wetu ni mbaya kuliko kosa la kawaida. Haimfanyi kijana awe mhakiki. Humfanya awe karani wa kuhesabu tofauti.

Naijua hoja watakayonijibu nayo. Watasema, "Mwalimu, ukizisifu sinema, nani atasoma?" Hofu hiyo ni ya haki, na mimi naiona kila mwaka. Wapo wanafunzi wanaotazama mchezo uliorekodiwa wa tamthilia ya mtihani, wakaja darasani wakidai wameisoma, na katika karatasi wakajibu kwa maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Hao siwatetei. Lakini dawa ya uvivu wao si kuitukana sinema. Aliyetazama tu ameona maamuzi ya mtu mmoja, wala hajui kama yalikuwa maamuzi. Hajui kwamba M'Baku aliwahi kutukanwa, kwa hiyo hawezi kushukuru kwamba tusi liliondolewa. Hajui kwamba Ross alikuwa wa kuchekwa, kwa hiyo hawezi kuona kwamba amebadilishwa. Ni msomaji peke yake anayeweza kuihukumu sinema, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusoma. Kitabu hakikupungua hata herufi moja siku sinema ilipotoka. Kipo pale pale rafuni, na kinaweza kuitwa ushahidini wakati wowote.

Wapo pia wanaosema kwamba Wakanda ilipaswa kusema Kiswahili. Lugha ya kwao katika sinema ni isiXhosa ya Afrika Kusini, nayo ilichaguliwa kwa sababu John Kani, aliyemwigiza baba yake T'Challa, ndiyo aliyoitumia katika sinema iliyotangulia ya mwaka 2016. Nami ningependa kusikia Kiswahili, au hata Kipsigis, kinywani mwa mfalme. Lakini lawama hiyo tumwelekeze nani? Wale Wamarekani walichora nchi ya Afrika Mashariki mwaka 1966 bila ya kutuuliza, na tangu hapo tumekuwa na muda wa kutosha kuchora ya kwetu. Tangu mwaka 2010 jarida la Shujaaz limewapa vijana wa Kenya katuni za maisha yao wenyewe, kwa lugha ya mitaani mwao. Kalamu, basi, imekwisha kushikwa. Iliyobaki ni mikono zaidi.

Huenda mmoja wenu, katika shule hii au nyingine, atamchora Chemosit kwa masanduku na viputo, nasi tutakipenda kitabu chake hata tukijue kwa moyo. Na huenda miaka ikipita mtu mwingine atakigeuza sinema. Nina hakika siku hiyo ukumbini ataketi shabiki mmoja mwenye daftari na kalamu, akiandika kwa hasira kwamba zimwi limepewa miguu miwili. Namwomba asimame kidogo kabla ya kuandika. Mguu si kitu. Aangalie ile taa iliyo mdomoni, na aangalie sinema inawaambia watoto waifuate au waikimbie. Ikiwa inawaambia waifuate, hapo na aandike, na aandike kwa wino mzito, nami nitatia sahihi yangu chini ya yake.